Ndege wa Kaloleni ya Nairobi

Kaloleni tunayoizungumza si ile ya Kilifi, bali ni mtaa ulioko Eastlands, jijini Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa nyumba fupi, viwanja vya nyasi na miti ya kivuli. Katika mitaa mingine ya Eastlands kama Umoja na Buruburu, bustani nyingi zimemezwa na vyumba vya kupangisha. Miti ikikatwa, ndege huhama. Ndiyo maana hata ua wenye upana wa mkeka una thamani.

Tumejifunza kuwa maji huwaita ndege upesi kuliko nafaka. Sahani pana ya udongo, maji ya kina cha vidole viwili, na jiwe la kutua katikati, vyatosha. Maji yabadilishwe kila siku, mbu wasizaliane, na sahani iwekwe mbali na maficho ya paka. Mshubiri ukichanua koponi, chozi huja kufyonza maua yake. Shomoro na shorewanda hufuata maji.

Picha tuzipige asubuhi, jua likiwa mgongoni, tukiwa ndani nyuma ya pazia. Kiota chenye mayai au makinda tusikikaribie, mama asije akakihama. Na kwa kuwa nyua zetu zimebanana, kamera ielekee sahani, si kamba ya nguo ya jirani. Ndege ana haki ya utulivu, na jirani ana haki ya sitara. Picha njema huzilinda haki zote mbili.