Tubadilishe prosesa?

Wazazi wapendwa, nanyi watoto wetu,

Kompyuta ya mezani ya darasa letu inajikokota. Mzazi mmoja amejitolea kutununulia prosesa iliyotumika, Core i7-6700, ishike nafasi ya Core i3-6100 iliyomo. Tunamshukuru sana. Lakini sisi wauguzi hatutoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Basi tupime.

Watoto, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtaona ni nani aliyelemewa. Kwetu, tukipiga simu ya video kwa bibi, prosesa haichoki. Inayojaa ni kumbukumbu, gigabaiti 4 tu, na diski ya zamani hufika asilimia 100. Picha inaganda, mtoto anasema "baadaye, bibi", na Kiswahili cha siku hiyo kinaishia hapo.

Lipo na la pili. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na i7-6700 haimo katika orodha ya prosesa za Windows 11. Za kizazi cha 8 zimo, na soketi yake pia huitwa 1151, lakini hazifanyi kazi kwenye bodi yetu.

Kwa hiyo naomba tumwombe mzazi wetu fedha hiyo inunue kumbukumbu ya kufikisha gigabaiti 8 na diski ya SSD. Kisha tuweke Linux, ambayo ni bure. Mgonjwa wa tumbo hapewi miwani, hata ikiwa miwani mizuri.

Mnaonaje? Nijibuni Jumamosi.

Mwalimu wenu