Intaneti Darasani Ianze kwa Mwalimu

Mwaka 2023 serikali ya Uswidi ilitenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi madarasani, baada ya miaka ya kusambaza kompyuta na vishikwambi kwa wanafunzi. Waziri wa shule wa wakati huo, Lotta Edholm, alitaka watoto wadogo wasome karatasini na waandike kwa mkono. Sisi tunaoishi Ulaya tusiipeleke habari hiyo nyumbani kama ushahidi kwamba intaneti haifai shuleni. Waswidi hawakukata mtandao. Walichokataa ni kifaa kushika nafasi ya kitabu na ya mwalimu. Tanzania inaweza kulipata funzo hilo bila kulipia gharama yake.

Tuitazame Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza kwa feri. Mwalimu wa jiografia wa huko, anapofundisha mazingira ya Ziwa Victoria, hahitaji kishikwambi kwa kila mwanafunzi. Kompyuta mpakato moja, projekta na muda wa kuandaa somo vinamtosha. Picha za setilaiti za Landsat, zinazopatikana bure tangu 2008, zinaonyesha magugu maji yalivyotanda ziwani katika miaka ya 1990. Watoto wa wavuvi wanajua magugu hayo yanavyozuia mitumbwi na kunasa nyavu. Wakieleza wanayoyajua, mwalimu akawauliza yanatoka wapi na kwa nini hustawi penye maji machafu, somo limeshika mizizi.

Yupo atakayesema bando ni ghali na umeme hukatika. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza na mwalimu: akivuka kwenda mjini anapakua anachohitaji, na kwa programu ya Kiwix ataisoma Wikipedia, hata ya Kiswahili, bila mtandao. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtoto wa kijijini anapewa intaneti ya mkono wa pili, ilhali naye anapaswa kutafuta na kupima habari mwenyewe. Anapaswa, naam. Lakini stadi hiyo hufundishwa na anayeijua, na chumba cha kompyuta kisicho na mwalimu aliyeiva huishia kufungwa kufuli.

Basi tunaochanga kutuma kompyuta nyumbani, sehemu ya kwanza ya mchango igharamie mafunzo ya walimu. Chuo cha Ualimu Butimba kiko Mwanza hapo hapo. Tuanzie huko, kompyuta zifuate.