Mshenga na Simu

Mwaka 1984, nikiwa mwalimu kijana katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga, nilibeba barua ya posa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mposaji alikuwa mwalimu mwenzangu. Barua ilifungwa ndani ya kitambaa cheupe pamoja na fedha kidogo, kama ilivyo desturi, kwani barua isiyofuatana na kitu huhesabiwa kuwa maneno matupu. Baba wa binti aliipokea, akaiweka kando bila kuifungua, akaniuliza swali moja tu: “Kijana huyu unamfahamu vizuri?” Nikamjibu, “Namfahamu kama ndugu yangu.” Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Nilijua kwamba mwenzangu alipenda pombe, na kwamba sehemu kubwa ya mshahara wake ililiwa na madeni ya kilabuni kabla haujafika nyumbani.

Ndoa ikafungwa. Baada ya miaka mitatu mzee yule aliniita. Nilikaa mkekani kwake tangu alasiri mpaka taa zikawashwa, nikisikiliza, na neno lililonichoma kuliko yote lilikuwa hili: “Wewe ndiwe uliyetuuzia.” Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, nilifuatana na rafiki yangu kwenda kupokea mshahara, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Nilifanya hivyo miaka miwili, na hakuna aliyenilipa.

Habari hizi zimenirudia kwa sababu ya mpwa wangu, muuguzi mjini Dar es Salaam. Mwaka jana alikuja kunisalimu, akaniambia amepata mchumba. Nikamwuliza nani aliyewakutanisha. Akacheka, akanionyesha simu yake. “Mshenga ndiye huyu, mjomba.”

Watu wa rika langu hushtuka wakisikia neno soko likitajwa katika mambo ya ndoa. Hata hivyo tusijidanganye. Mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama na kifungua mlango vilihesabiwa, vikabishaniwa, vikapunguzwa, na aghalabu vikalipwa kidogo kidogo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipotamka kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haijalipwa, ilikuwa inakiri kwamba madeni ya namna hiyo yapo. Soko lilikuwapo, ila lilikuwa dogo, na kila mtu alimjua dalali wake.

Soko la simuni ni kubwa mno. Programu iitwayo Tinder, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, humwonyesha mtu picha moja baada ya nyingine. Akipenda huisukuma kulia, asipopenda kushoto, na wawili hawawezi kuandikiana mpaka kila mmoja awe amemchagua mwenzake. Hapo ndipo soko hili linapotofautiana na soko la nyanya. Nyanya haina la kusema, lakini hapa kila muuzaji ni mnunuzi pia, wala hakuna apataye asipokubaliwa naye. Wataalamu wawili wa hisabati wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika juu ya fumbo hilo mwaka 1962, miaka mingi kabla ya simu hizi. Huko kwao jambo hili limekwisha kuwa la kawaida: katika kila jozi 100 za mwanamume na mwanamke waliokutana mwaka 2017, takribani 39 walikutana kwa njia ya mtandao, wakawapita waliokutanishwa na marafiki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimtajia mpwa wangu methali hiyo, naye akanijibu kwamba simuni vyote viwili hujitembeza, tena kwa nguo zile zile. Nikatambua kwamba binti huyu, ambaye hakusoma uchumi, amelielewa jambo ambalo George Akerlof alilieleza mwaka 1970 katika makala yake juu ya magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anajua kasoro ya gari lake. Mnunuzi haijui, kwa hiyo hulishuku kila gari, na mwenye gari zuri hukosa bei inayomstahili. Kwa kuandika “habari za asubuhi” mwanamume hapotezi kitu, anaweza kuwapelekea wanawake 100 kabla hajanywa chai. Kwa hiyo salamu hiyo haimwambii mwanamke lolote. Zile fedha za kitambaani zilisema jambo moja walau: kwamba aliyezituma hawezi kuzituma katika nyumba 100.

“Na wewe umeandika nini juu yako?” nikamwuliza. Akasita. Mpwa wangu ana mtoto wa miaka sita. Hakumtaja. “Nikimtaja, mjomba, nani ataniandikia?”

Sikuweza kumkaripia. Mimi, niliyeficha pombe ya mtu, ningemkaripia kwa kinywa gani?

Lililonitia wasiwasi zaidi ni ujira wa dalali huyu mpya. Mshenga hupata ahsante yake mambo yakitimia, na yakiharibika huitwa. Mwenye programu hulipwa kwa mwezi na mteja anayeendelea kutafuta. Aliyepata huondoka, tena huondoka na mwenzake, na duka likapoteza wateja wawili kwa siku moja. Ipo programu nyingine ya Kimarekani, Hinge, inayojitangaza kwamba imeundwa ili ifutwe. Nasadiki kwamba wapo wanaoifuta. Lakini sijapata kumwona mwenye duka anayeomba wateja wake wasirudi. Hata bei zao zina mambo yake: Tinder iliwatoza watu wa California waliotimiza miaka 30 dola 19.99 kwa mwezi, na walio chini ya umri huo dola 9.99 au 14.99, mpaka mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya huko iliposema kwamba kubagua bei kwa umri namna hiyo kunapingana na sheria ya jimbo. Mshenga hamtozi mtu kwa mvi zake.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba posa ikija, habari ya mtoto nitaisema mimi. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, “Isemeni basi, mjomba. Mimi nimeshindwa.”

Posa ikaja. Maana vijana hawa, hata wakikutana simuni, hufika mahali wakatafuta mtu mzima wa kubeba kitambaa. Mgeni alikuwa mzee wa makamo yangu, mwenye kofia safi na maneno mazuri. Kabla hajamaliza kuamkiana na wenye nyumba nikamweleza: binti yetu ana mtoto, na anayemtaka mama amtake na mtoto. Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema atazifikisha habari kama alivyozipokea. Shemeji yangu alinitazama kwa jicho kali.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikakiweka kitambaa kando bila kukifungua, nikamwuliza, “Na kijana wenu, mzee mwenzangu, unamfahamu vizuri?”

“Namfahamu kama mwanangu,” akajibu.

Nikamwongezea chai. Nikamwuliza tena, “Mshahara wake hufika nyumbani?”