Kwa Wafaransa, hodi ni "Bonjour"

Juma lililopita mama mmoja alinipigia simu hapa redioni. Alikimbia vita pamoja na watoto wake wawili. Sasa karatasi zao zimekamilika, wanajiandaa kumfuata baba yao Ufaransa. Akaniuliza: "Kaka mwandishi, Kifaransa nilisoma mpaka sekondari. Kuna nini kingine cha kujifunza?" Nikamweleza habari ya yaya yangu, naye akaniomba niiandike kwa ajili ya wengine.

Yaya anaishi Lyon. Mwezi wake wa kwanza huko alikwenda kwenye ofisi moja kuomba miadi ya karatasi zake. Usiku kucha alikuwa akijifunza sentensi moja ya Kifaransa, asikosee hata neno. Zamu yake ilipofika, akaisema yote kwa pumzi moja. Mama aliyekaa nyuma ya kioo akamtazama, akajibu: "Bonjour, Madame." Yaya akadhani hakusikika. Akarudia ombi lake kwa sauti zaidi. Jibu likawa lile lile: "Bonjour, Madame." Watu kwenye mstari wakageuka kumtazama. Akatoka bila miadi, mtoto mgongoni, machozi yakimtoka. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, hapa hawatupendi."

Jirani yake, Mkongo aliyekaa huko miaka mingi, ndiye aliyemwonyesha kosa. Huko "Bonjour" ndiyo hodi. Ukiingia kwenye duka la mikate, ukipanda basi, ukifika mahali pa kumsubiri daktari, unaanza na neno hilo, hata kama humjui mtu. Kuomba kitu bila kulisema ni kama kwetu kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha. Jioni unasema "Bonsoir", na ukitoka "Au revoir".

Sisi ni watu wa salamu ndefu. Yaya hakukosa adabu. Hofu ndiyo ilimsahaulisha. Juma lililofuata alirudi, akasalimia kwanza, akapewa miadi.

Mengine aliyojifunza ni haya. Mtu usiyemjua, na wa ofisini, mwambie "vous". "Tu" ingoja mpaka mwenyewe akuruhusu. Usiende kumtembelea mtu bila kumpigia simu kwanza. Ofisini fika kwa saa kamili. Lakini ukialikwa chakula nyumbani, kuchelewa dakika kumi si kosa. Usiende mikono mitupu, ila usipeleke maua ya krizantemu: hayo huwekwa makaburini, hasa tarehe 1 Novemba. Na baada ya saa nne za usiku punguza muziki, maana majirani wanaweza kuita polisi.

Sisemi kwamba ubaguzi haupo. Upo, na yaya ameuona. Lakini si kila uso mkavu ni chuki. Ukijua desturi, utaweza kutofautisha anayekudharau na anayengoja salamu tu. Hilo linapunguza machozi.

Yule mama aliposikia hayo alicheka, akawaita watoto wake. Kwenye simu nikasikia wakibisha mlango wa chumba kimoja wanamolala wote: "Hodi! Bonjour, Madame!"

Kama uko na ndugu Ufaransa, mwulize alianguka wapi siku za kwanza, kisha ututumie ujumbe wa sauti. Kuna familia zinazofunga mizigo.