Pini Isiyo na Amri

Mjomba alikuwa ameinamia pampu ya kisima, mkono umeshika mkanda, umeme uliokuwa umekatika tangu asubuhi uliporudi. Pampu ilizunguka kwa sekunde chache, kisha ikazimika yenyewe. Aliwahi kuuvuta mkono. Ukucha mmoja ndio uliong'oka. Akanigeukia, kwani mtambo wa kuiendesha pampu ile niliuunda mimi, kwa kompyuta ndogo ya kadi moja inayotumia Linux.

"Mjomba, programu yangu huanza kwa kuizima pampu," nilijitetea.

"Basi nani aliyeiwasha?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Ni kweli programu ilianza kwa kuizima, lakini ilianza muda mrefu baada ya umeme kurudi. Kabla ya hapo, pini iliyoiongoza rilei haikuwa na amri yoyote. Ilikuwa inaelea, na pini inayoelea hudaka vurugu za nyaya zilizo jirani, ikapanda na kushuka ipendavyo.

Linux katika kadi nyingi za namna hii husoma maelezo ya vifaa kutoka faili liitwalo mti wa vifaa. Wazo hilo lilitokana na Open Firmware, iliyowekewa kiwango na IEEE mwaka 1994. Humo pini huandikiwa hali yake: "output-low" maana yake itoe volti sifuri, na "output-high" ni kinyume chake. Hali hiyo ikipewa jina la "default" na kufungwa kwa kifaa, kerneli huitekeleza kabla dereva wa kifaa hicho hajaanza kazi. Mimi sikuwa nimeandika neno lolote. Niliandika "output-low".

Hata hivyo kerneli nayo huchelewa kuamka, na kwa muda huo hakuna anayeusoma mti. Kwa hiyo nilichomelea rezista ya ohmu 10,000 kati ya pini na graundi. Rezista haisubiri kusoma chochote. Huivuta pini chini tangu mwanzo.

Ndugu msomaji, miaka yote nilijiuliza mitambo yangu itafanya nini nikiiamuru. Sikuwahi kujiuliza itafanya nini kabla sijaiamuru.

Niliwasha na kuzima umeme mara 20 mbele ya mjomba, pampu haikutikisika. Akatikisa kichwa kuridhika. Lakini mpaka leo, kabla hajaigusa, huenda kwanza kuzima swichi kuu ukutani. Nami simlaumu, siku ile ningepaswa kuizima mimi.