Orodha ya Marejeleo Ni Amana

Mimi husoma tasnifu kutoka nyuma. Nikiletewa kazi ya uzamili au uzamivu niihariri, nafungua kwanza kurasa za marejeleo, nazisoma mstari kwa mstari, ndipo narudi kwenye sura ya kwanza. Orodha hiyo hunieleza mengi kabla sijakutana na hoja hata moja. Hunieleza mtafiti amesoma nini, kama amekisoma mwenyewe au amesimuliwa, na kama anamjali msomaji atakayemfuata. Nimefanya kazi ya kuhariri tasnifu na makala za Kiswahili kwa miaka mingi, na imani yangu ni hii: orodha ya marejeleo ni amana. Tumekabidhiwa kazi za watu, na ni wajibu wetu kuzitaja kwa namna itakayomwezesha mwingine kuzifikia.

Wengi wanaokuja kwangu huamini kwamba shida iko kwenye nukta na mikato. Nukta na mikato ina kazi yake. Mtindo wa APA, unaotakiwa na vyuo vingi, una mwongozo wake, na toleo la saba lililotoka mwaka 2019 limebadilisha mambo kadhaa. Mji wa uchapishaji hautajwi tena. Kazi yenye waandishi watatu au zaidi hutajwa ndani ya matini kwa jina la wa kwanza na wenzake, tangu mara ya kwanza. Katika orodha yenyewe unaweza kuandika majina hadi 20. Yako majarida yetu ya Kiswahili ambayo bado yanataka mji utajwe, Dar es Salaam au Nairobi, kabla ya jina la mchapishaji. Njia zote mbili ni halali, mradi ujue unamwandikia nani na ushike mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Makosa ya aina hiyo mhariri anaweza kuyanyoosha akiwa mezani kwake. Yanayoniumiza ni yale yasiyoweza kunyooshwa bila kukishika kitabu chenyewe.

Tuanze na majina. Ukiandika "Mohamed" peke yake katika tasnifu ya riwaya za Zanzibar, hujamwambia msomaji chochote. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye mwandishi wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed ndiye mwandishi wa Utengano (1980). Wanatenganishwa na herufi mbili tu za mwanzo, na mtafiti akiziacha, riwaya ya huyu inaangukia kwa yule. Kwa akina Allen mambo ni hayo hayo: J.W.T. Allen ndiye aliyehariri Tendi, iliyotoka mwaka 1971, na James de Vere Allen ndiye aliyetoa chapa ya utenzi wa al-Inkishafi ya mwaka 1977 na kitabu cha Swahili Origins cha mwaka 1993. Nimesoma kazi ambamo wawili hawa wamekuwa mtu mmoja. Ali A. Mazrui na Alamin M. Mazrui nao wote ni "Mazrui, A.", na kitabu chao cha The Power of Babel (1998) wamekiandika pamoja. Hapo herufi ya jina la kati ndiyo mpaka, na haifai kuachwa.

Majina ya pwani yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa watu wenye jina la ukoo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa al-Inkishafi, hakuwa "Nasir, S.": Sayyid ni cheo, na Nasir ni babu yake. Mimi humweka chini ya A, kwa jina lake zima. Shaaban Robert kwa kawaida huwekwa chini ya R, ingawa midomoni wengi humwita Shaaban. Mwandishi wa Vuta N'kuvute hujulikana kwa jina la Adam Shafi na pia la Shafi Adam Shafi, na anayemtafuta atamkosa ikiwa sura moja imemwita hivi na nyingine vile. Chagua namna moja yenye sababu, kisha uishike.

Baada ya majina huja miaka. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Mwandishi wake, Shaaban Robert, alifariki mwaka 1962. Mwanafunzi anapotumia chapa ya karibuni na kuandika mwaka wa chapa hiyo peke yake, hoja yake juu ya ukoloni inalegea, kwa kuwa anamfanya aandike miaka mingi baada ya kuzikwa. Dawa yake ni nyepesi: taja mwaka wa kwanza na mwaka wa chapa uliyoisoma, ukiitenganisha kwa mkwaju. Kurasa hutofautiana kati ya chapa na chapa, hivyo mwaka wa kwanza pekee nao hautoshi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1969, na tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe ikatoka mwaka 1970. Anayenukuu mazungumzo ya Kiswahili na kuyaandikia 1970 amempeleka msomaji kwenye kitabu kingine.

Taasisi nazo zina umri. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981 chini ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyochukua nafasi yake, ilikuja mwaka 2009. Kwa hiyo "TATAKI (1981)" ni mwandishi ambaye hakuwapo. Toleo la pili lilitoka mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013, na anayejenga hoja juu ya fasili ya neno hana budi kusema ni toleo lipi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, na si Kenya Literature Bureau iliyokuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya kamati ya lugha, na jina lake limebadilika zaidi ya mara moja. Makala ya zamani itajwe kwa jina la jarida la wakati huo, la sivyo msomaji atakwenda kwenye rafu isiyo yake.

Kwa nini nashikilia haya? Kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi yetu haimo kwenye intaneti. Yapo kwenye maktaba za vyuo, na mengine yapo nyumbani kwa watu. Wachapishaji kadhaa wa vitabu hivyo wamekwishafunga milango. Katika hali hiyo mstari mmoja wa marejeleo huwa ndiyo anwani pekee iliyobaki. Mstari ukikosewa leo, mwakani atakuja mwingine aunakili ulivyo, na baada yake wa tatu, hadi kosa lionekane kuwa kweli kwa wingi wa wanaolirudia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye tabia inayonisikitisha kuliko zote: kutaja kitabu usichokisoma. Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Mara nyingi naona kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939 katika orodha ya mtu asiyejua Kifaransa, na kamusi hiyo inafasili Kiswahili kwa Kifaransa. Naona kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 ikitajwa bila ukurasa. Namuuliza mtafiti kwa upole, naye hunijibu kwamba ameikuta kwa fulani. Basi mtaje fulani. Ndani ya matini andika kwamba Krapf amenukuliwa na huyo uliyemsoma, na katika orodha weka kile ulichokishika. Hakuna aibu katika hilo. Msomaji anaona maarifa yamepita mikononi mwa nani, na nukuu ikiwa imepotoshwa njiani, anajua aanzie wapi kuitafuta.

Miaka hii ya karibuni limeongezeka balaa jipya. Napokea marejeleo ya kazi zisizokuwapo duniani. Jina la mwandishi ni la kweli, jarida ni la kweli, mwaka unalingana na juzuu, lakini makala hiyo haijawahi kuandikwa na mtu. Marejeleo hayo yametungwa na programu za akili unde. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na programu ya aina hiyo. Mtafiti naye hana kinga. Kila makala fungua yaliyomo ya juzuu husika uione. Ikiwa ina DOI, ile namba inayoanza na 10, iandike baada ya https://doi.org/ uone kinachofunguka. Ikifunguka makala nyingine, au isipofunguka kabisa, usiendelee hadi ujue sababu.

Miswada na sauti za wazee zinadai heshima hiyo hiyo. SOAS, London, imehifadhi miswada mingi ya Kiswahili, ikiwamo iliyokusanywa na Taylor na Hichens. Kuandika "Muswada, SOAS" hakumsaidii mtu. Andika jina la mkusanyo na namba ya muswada. Mahojiano uliyoyafanya mwenyewe, kwa kanuni za APA, hayaingii katika orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia. Lakini mzee aliyekupa utenzi wake asiachwe bila jina ikiwa ameridhia kutajwa. Mweke katika kiambatisho, pamoja na mahali na tarehe ya mazungumzo.

Ninaowahariria huwashauri hivi. Orodha ianze siku ya kwanza ya kusoma. Kitabu kikiwa mkononi, nakili maelezo kutoka ukurasa wa hakimiliki, usitegemee jalada. Kila nukuu unayoiandika kwenye daftari iandikie ukurasa papo hapo. Programu kama Zotero, inayopatikana bure, husaidia sana kupanga, lakini hupanga kile ilichopewa, hivyo jina ulilolikosea litatoka limekosewa. Kabla ya kukabidhi kazi, pitia matini na orodha kwa pamoja: kila jina lililomo ndani liwemo nyuma, na kila lililomo nyuma liwe limetumika ndani.

Wasimamizi nao nawaomba wasiiache orodha mikononi mwa mhariri. Mhariri hakuwepo maktabani. Mwombeni mwanafunzi awaonyeshe vitabu vyake, hata vitano tu, na mumfungulie kurasa alizozinukuu. Nawe mtafiti, usitaje kazi ambayo hujaishika, na uliyoishika itaje kikamilifu, ili atakayekuja baada yako naye aishike.