Fimbo niliyoificha ilipinda

Mwaka jana kijana wangu aliporomoka darasani, nikaona mchawi ni snuka. Nikamnyang'anya fimbo aliyoachiwa na marehemu babu yake, nikaiegemeza ukutani nyuma ya kabati. "Utaiona ukifaulu," nilimwambia.

Alifaulu. Masika yote yalikuwa yamepita. Nilipomrudishia, aliilaza mezani, akaibingirisha. Ikawa inarukaruka.

"Mama, imepinda," alisema, akanyamaza.

Sikujua kwamba mti, hata uliopakwa vanishi, hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Hapa Tanga kuta hutoka jasho wakati wa mvua, na fimbo iliyoegemezwa muda mrefu hulemewa na uzito wake. Fundi alinieleza kuwa ikishapinda, kuinyoosha ni kubahatisha.

Nilimwomba radhi mwanangu. Hakujibu siku ile.

Baadaye mjomba wake alimnunulia nyingine, naye akanifundisha kuitunza. Baada ya mchezo huifuta kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho na vumbi la chaki hugandia kwenye mti. Haioshi kwa maji. Huiweka kwenye mkoba wake, ikiwa imelala sawasawa juu ya kabati, mbali na dirisha lenye jua. Ndani ya gari lililoegeshwa juani haiachi hata kwa saa moja.

Ile ya babu ameiweka pembeni yake, vilevile ilivyopinda.

Mzazi mwenzangu, ukimnyang'anya mtoto kitu ili ajirekebishe, uliza kwanza kinatunzwaje. Mkononi mwako ni amana.